Fundi wa Saa Aliyeishiwa na Maneno

Mume wa dada yangu anaitwa Njue, na ni fundi wa saa hapa Nyeri mjini. Ukishuka kutoka soko utamwona kwa veranda ya duka moja ya vitambaa, amekaa nyuma ya sanduku ya kioo, lenzi imebanwa kwa jicho moja. Ile jicho ingine iko wazi na watu hufikiri anawaangalia nayo. Haoni mtu. Anasikiza. Yeye husema saa mbovu inaongea kabla ya kuonyesha.

Karibu tumpoteze huyu mtu mwaka wa sabini na tatu. Si kwa ugonjwa, si kwa gari. Ni kunyamaza tu.

Njue si mtu wa Nyeri. Ni wa Embu, upande wa Runyenjes, na mama yake alitoka Chuka. Wakati wa Emajensi, serikali ya wakoloni ikitafuta watu waliokula kiapo cha kupigana nayo, alishikwa akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akakaa kambi miaka minne. Huko ndiko alifunzwa saa na mfungwa mwenzake, wakitengeneza za maaskari. Alipotoka aliokoka, akafuata watu wa wokovu mpaka Nyeri, akaoa dada yangu Kabura, ambaye pia ameokoka. Mimi nilikuja kukaa kwao sabini na mbili nikitoka kwetu Wamagana, nikapata kazi ya kubeba viazi sokoni. Sijaokoka. Waliniombea mpaka wakachoka.

Sasa, kwa ushirika wa hawa watu, kunyamaza si kitu ndogo. Kila Jumamosi saa nane wanakutana kwa chumba nyuma ya kanisa na mmoja mmoja anasimama. Anasema Yesu ni mwokozi wake, halafu anasema hiyo wiki ameteleza wapi. Ametusi jirani. Amedanganya mteja. Ameona wivu kwa sababu jirani ameweka bati mpya. Akimaliza wanamwimbia na wanamkumbatia. Hiyo wanaita kutembea kwa nuru. Ukikosa kusema, basi kuna kitu umefunika, na kitu ikifunikwa inaoza.

Njue alikuwa na mdomo. Watu walikuwa wanatoka mpaka Kiriaini kuja kusikia ushuhuda wake. Angeweza kukueleza vile alikasirikia msumari mpaka wewe ulie. Wengine hawakuwa na hiyo zawadi. Kulikuwa na mama mmoja mzee, Mbeti, wa kwanza kuokoka kwa hiyo ushirika yote, anaitwa dada na watu ambao wangekuwa wajukuu wake. Yeye kila mwezi alisimama na ile ile: mbuzi ya jirani imekula maharagwe yake na amekasirika, Bwana amsamehe. Mimi nikimpeleka Kabura na kumngojea mlangoni nilikuwa najiuliza hiyo mbuzi inauzwa lini.

Mwezi wa sita, baridi ile ya kukata masikio, Njue alisimama kama kawaida. Akafungua mdomo. Hakuna kitu ilitoka. Alikaa hivyo kama mtu amesahau kitu kwa nyumba, halafu akatabasamu, akakaa chini.

Jumamosi iliyofuata, hiyo hiyo. Na ya tatu.

Kiongozi wao ni Muriithi, muuza mbao, mtu mrefu, sauti kama ngoma. Alikuja nyumbani akiwa na wazee wawili, wakakunywa chai, wakauliza ndugu Njue ameficha nini. Njue akasema hajaficha. Wakauliza mbona hasemi. Akasema akianza kusema anaona ni kama anasimama mbele ya mlango na kuufunga na mgongo wake mwenyewe. Wakaangaliana. Hiyo jibu hata mimi ilinikasirisha. Mtu akiulizwa swali ya ndiyo na hapana, ajibu ndiyo na hapana.

Nyumbani pia alibadilika. Zamani akiomba kabla ya kula, ugali inapoa. Sasa alikuwa anafunga macho, anapumua, anafungua, anakula. Asubuhi kabla ya kwenda kazi alikaa kwa kiti yake karibu na dirisha saa nzima, mikono kwa magoti, uso kama wa mtu ameambiwa habari nzuri. Kuna saa ya ukutani kwao, aliitengeneza mwenyewe mwaka walioana, na Kabura ndiye huitia ufunguo kila Jumapili. Hiyo saa na Njue walikuwa wanakaa hapo wakiangaliana.

Yeye mwenyewe aliogopa kidogo, nilikuja kujua baadaye. Mwalimu Kihara wa sekondari alipoleta saa yake ya mkono, Njue alimwuliza kama mtu anaweza kuwa wazimu bila kusikia vibaya. Kihara akacheka. Akamwambia hiyo kitu ni ya zamani sana. Ati kulikuwa na Wakristo wa kwanza walikimbilia jangwa ya Misri, mtu akitembea siku tatu kuwauliza neno, wanampa mkate na hawamwambii kitu, na anarudi ameshiba. Ati kulikuwa na Mgiriki mmoja mwenye falsafa alisimama pahali pamoja tangu asubuhi mpaka asubuhi ingine, askari wakimwangalia. Na Waarabu na Wahindi na Wazungu wa zamani wako na mashairi ya hiyo mambo, na wote wanasema kitu moja, kwamba hiyo kitu haisemeki. Halafu wanaisema kwa kurasa mia sita. Njue alipenda hiyo. Lakini Kihara si wa ushirika, na ushuhuda ya Wagiriki haingemsaidia mbele ya Muriithi.

Halafu ikaanza ile ingine. Mama mmoja wa ushirika alimwambia dada yangu, kwa upendo, wao husema kila kitu kwa upendo, ya kwamba Njue ameonekana kila Alhamisi jioni akiingia Majengo, mtaa wa Waislamu, kwa nyumba ya Dawud mshonaji. Na kwa hiyo nyumba kuna Rukaya, dada ya Dawud, mjane, na si mzee.

Kabura hakulia. Aliosha vyombo zote, hata zile safi. Halafu akaniambia, bila kugeuka, kwamba mwanamume aliyeokoka ananyamaza kwa sababu moja tu. Akasema atangoja Jumamosi. Njue akisimama aseme ukweli, hata kama ni Rukaya, atajua afanye nini na msamaha. Lakini akinyamaza tena, yeye anachukua watoto anarudi Wamagana kwa mama. "Mtu anaweza kuishi na mwenye dhambi," akasema. "Na mtu asiyesema, unaishi na nani?"

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi nilibeba viazi na hasira pamoja. Jua ikianza kuingia nikachukua fimbo ya kuendesha punda wa mkokoteni, nikashuka Majengo.

Mlango ya uani ilikuwa wazi. Nikaingia bila hodi. Kulikuwa na wanaume kama kumi na wawili wamekaa kwa mkeka wamefanya duara, kofia nyeupe, wanataja jina ya Mungu pamoja, wanaenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama watu wanavuta kamba moja. Nyuma yao karibu na ukuta, peke yake, bila kofia, alikaa shemeji yangu. Haimbi. Hayumbi. Uso ule ule wa dirishani.

Mama mmoja alitoka jikoni na birika ya kahawa, akasimama kati yangu na wao. Huyo ndiye Rukaya.

"Wewe mtoto wa nani," akaniuliza polepole, "unaingia kwa watu wakimtaja Mola na fimbo mkononi?"

Nikamwambia nimekuja kuchukua mume wa dada yangu.

"Basi mchukue. Anakunywa kahawa yangu yote na hasemi hata asante. Nilidhani ni bubu mpaka siku alipoulizia sukari."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia huyo mwanamke. Sikupata hata moja. Akaniwekea stuli kama mgonjwa.

Walipomaliza, Dawud alikuja kukaa na mimi. Yeye na Njue wanafanya kazi kwa veranda moja, cherehani na saa, miaka sita. Akaeleza yote. Saa ya ukutani ya marehemu baba yake ilikuwa inachelewa, Njue akaja Alhamisi moja kuirekebisha, akakuta wanaanza. Akaomba akae pale nyuma. Kitu ya kwanza alifanya ni kuinuka na kusimamisha ile saa, ati inapiga kelele. Tangu hiyo siku huja.

Nikauliza kama wamemsilimisha. Dawud akasema hapana. "Tulimwuliza, kwa adabu. Akasema yeye ni wa Yesu, hatoki huko. Anachotaka ni mahali pa kukaa ambapo hakuna atakayemwambia aseme."

"Na hiyo kunyamaza yake ni nini?"

Dawud akaangalia fimbo yangu, akatabasamu. "Babu yangu alikuwa akisema ulimi ni punda. Anakubeba mpaka mlangoni. Ukifika, unamfunga nje, wewe unaingia. Huingii sebuleni na punda. Sisi hapa bado tuko naye uani, unatusikia. Fundi, sijui kwa njia gani, ameshaingia."

"Na huyu ameingia na fimbo yake," Rukaya akasema kutoka jikoni.

Tukapanda kilima na Njue tukirudi. Nilikuwa nimepoa kwa upande moja na nimewaka kwa upande ingine. Nikamwambia juu ya Kabura, kwamba ameshafikiria Rukaya, na kwamba Jumamosi akinyamaza nyumba imeisha. Alisimama barabarani. Hakuwa anajua. Mtu anasikia meno ya saa na hajasikia mke wake akiosha sahani safi.

Nikampa ushauri. Nikamwambia shemeji, hii ni kazi rahisi. Tafuta dhambi moja ndogo, useme, wakuimbie, umalize. Sema ulificha skrubu ya mteja. Sema umemtamani Rukaya kidogo tu, utubu, hata watafurahi. Wewe ulikuwa unaliza watu kwa sababu ya msumari.

"Siwezi," akasema.

Nikapandisha sauti. Nikamwuliza kama kiburi yake ni kubwa kuliko watoto.

Hapo ndipo aliniambia ya kambi. Kila asubuhi walikuwa wanapangwa kwa mstari na spika inapiga kelele: kiri, kiri, useme kiapo uliyokula. Njue hakuwa amekula kiapo yoyote. Alisema hivyo mwaka moja na nusu, na alipigwa kwa sababu ya hiyo ukweli. Mwishowe akasimama akakiri kiapo ya uongo, akaweka na damu na mbuzi na giza, na walipouliza nani alikulisha akataja mtu aliyekuwa amekufa tayari. Alisema vizuri sana. Maaskari walinyamaza wakimsikiza. Hapo ndipo alijua ako na mdomo. Na hiyo wiki wakamhamisha kambi ya afadhali.

"Nilikiri uongo mara moja ndiyo niachiliwe," akasema. "Sitakiri ingine. Hata kwa Kabura. Hasa kwa Kabura."

Tukatembea.

Jumamosi niliingia ndani kwa mara ya kwanza, nikakaa benchi ya nyuma karibu na mlango. Kabura alikaa upande wa wanawake, kiondo katikati ya miguu, imejaa, leso imefungwa juu. Watoto, Kinya na mdogo wake, walikuwa wamevaa viatu za safari. Basi ya Wamagana huondoka saa kumi. Nilikuwa nimemweleza ya Majengo yote, kahawa na saa na punda. Alinisikiza mpaka mwisho, akasema mimi ni mwanaume na Njue ni mwanaume, na sikuwa mimi wa kusema. Alitaka asikie kwa mdomo wake.

Muriithi hakuzunguka. Alimwita Njue mbele na kumwuliza maswali tatu kwa pumzi moja: anaficha nini, ni kweli anakaa na Waislamu, na kama ameacha ushirika aseme ajulikane.

Njue akasimama. Nilishika benchi.

"Kwa Dawud nimekaa, ni kweli. Hakuna kitu nimeficha," akasema. "Maneno ndiyo imeisha. Nikikaa kimya, Yeye ako. Nikianza kuongea, nabaki peke yangu."

Chumba ikawa na ile sauti ya watu wakikaa vizuri kwa mbao.

"Kwa hivyo wewe umetupita," Muriithi akasema. "Sisi tunaoongea tumebaki peke yetu."

"Sijasema hivyo, ndugu."

"Umesema nini sasa?"

Njue hakujibu. Muriithi akainua mkono na wakaanza ile wimbo ya polepole, ile wanaimbia mtu aliye gizani mpaka avunjike. Naijua hiyo wimbo. Inaweza kuenda saa mbili. Kabura akashika mikono ya kiondo. Mimi nilisimama, na nawaambia ukweli, nilisimama nikamshike Muriithi shati.

Lakini kulikuwa na kitu inagonga sakafu. Koo, koo, koo. Ni bakora ya Mbeti. Wimbo ikakatika kipande kipande, wa mwisho kunyamaza ni wale wa mbele.

Hakuinuka. Alisema akiwa amekaa.

"Niko na dhambi nataka kuweka kwa nuru," akasema. "Hiyo mbuzi ya jirani. Hiyo mbuzi ilikufa mwaka wa sitini na mbili."

Akaweka bakora kwa magoti.

"Sikuwa na ingine ya kuwaambia. Ni miaka kumi na moja nikifunga macho sina neno. Hakuna neno hata moja, ni Yeye tu, kama ukungu ndani ya nyumba. Niliogopa. Niliona mkiimbia watu. Basi nikachukua ushuhuda yangu ya zamani nikawa naipasha moto kila mwezi, na nyinyi mnanikumbatia kwa sababu ya mbuzi imekufa. Huo ni uongo, na nimewadanganya kwa miaka kumi na moja. Huyu kijana amekataa kudanganya hata Jumamosi moja. Sasa mniimbie mimi."

Muriithi alisema, "Dada Mbeti," halafu akashusha mkono. Yeye mwenyewe aliokolewa na huyo mama. Muriithi alikuwa mlevi, Mbeti akamtoa kwa mtaro.

Mbeti hakuwa amemaliza. Akasema baba yake, zamani kabla ya misheni, alikuwa anatoka asubuhi anasimama akiangalia mlima, pahali wazee walisema Mungu anakaa. Mlima imefunikwa na wingu, haoni kitu, na hasemi kitu, ameinua mikono tu. Walipokuja kuokoka waliambiwa huyo hakuwa anaomba. Yeye Mbeti alikubali, na akamhurumia baba yake maisha yote. "Sasa nimezeeka, nimeingia kwa hiyo wingu na miguu yangu," akasema. "Na aliye ndani ni Yesu. Sikumkuta mwingine. Baba yangu alikuwa anaangalia pahali pazuri."

Mwanamke mmoja akaanza kulia, si ile ya huzuni. Mzee mmoja wa upande wetu akasema, bila kusimama, kwamba hata yeye tangu mwaka jana. Mwingine akainua mkono tu.

Sasa sheria yao ni hii, na ndiyo iliwashika: mtu akileta kitu kwa nuru, lazima apokewe, na kiongozi ndiye huanza. Muriithi alitembea mpaka kwa ile benchi, akainama na urefu wake wote, akamkumbatia yule mama. Akakaa hapo kidogo. Alipoinuka macho ilikuwa nyekundu. Akageuka kwa Njue.

"Ndugu," akasema, "mimi maneno bado niko nayo."

"Ni vizuri," Njue akamwambia. "Kuna wateja wa mbao."

Mtu mmoja akacheka, halafu chumba yote. Nilikaa chini kama mtu ameshusha gunia tatu. Wakaimba ile wimbo ingine, ya kupokea, wamesimama, na walikuwa wanamkumbatia Njue mmoja baada ya mwingine, kofia zinaanguka.

Kabura hakuenda na wao. Alingoja mpaka wimbo iishe. Halafu akasema mbele ya wote, "Baba Kinya, hakuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Sema tena."

"Hakuna, Mama Kinya. Hiyo neno ninayo."

Dada yangu alimwangalia. Akainua kiondo na kumpatia aibebe.

Basi ya Wamagana ilitupita tukipanda barabara. Watoto waliipungia mkono. Nyumbani saa ya ukutani ilikuwa imesimama saa sita na robo, kitu sijawahi kuona tangu nianze kukaa hapo. Njue alitafuta ufunguo kwa msumari wake, haikuwa. Kabura akafungua leso, akachimba kiondo mpaka chini, chini ya nguo za watoto, akaitoa. Alikuwa amesimamisha saa kwa mkono kabla ya kutoka, na ufunguo akaibeba. Alitaka akikaa hapo kwa kiti yake na hiyo kimya yake, akose kitu ya kusikia, ajue nyumba imesimama.

Akaizungusha yeye mwenyewe. Njue akaweka sikio, lile jicho lake wazi haliangalii mtu, akasema itakuwa inachelewa dakika mbili, ngoja aifungue.

"Wacha ichelewe," Kabura akasema. "Kula kwanza."

Siku hizi kwa ushirika mtu akiishiwa na maneno anasimama, anasema "niko," anakaa. Muriithi hakupenda mwanzoni, sasa amezoea, anasema inasaidia mkutano uishe mapema. Mbeti alisema "niko" yake miezi minane, halafu akalala na hakuamka, na Njue akaambiwa aombe kaburini. Alisimama hapo, mlima imefunikwa, kama robo saa. Hakuna mtu alikohoa. Dawud na Rukaya walikuwa nyuma, kwa wale wa mwisho. Na mimi nilikuwa hapo, mimi ambaye sijaokoka, na sijui niwaambie niliona nini. Nilishiba.